Thamostati inayotupwa: Kwa nini pikapu za mpakani zinagoma asubuhi na kuchemsha mchana

Na Mwandishi Wetu

SAA kumi na moja alfajiri mjini Busia, upande wa Kenya. Toyota Hilux ya dizeli imepakiwa trei za mayai kutoka Uganda na kufungwa turubai. Safari ni ya Kisumu. Dereva anageuza ufunguo. Injini inazunguka kwa uzito, inakohoa, inatema wingu la moshi mweupe na kunyamaza. Anapiga stata tena na tena hadi taa za dashibodi zinafifia. Mwishowe vijana wanaitwa kusukuma.

Saa nane mchana, kilomita zipatazo 30 kaskazini, kwenye foleni ya malori inayoelekea kituo cha Malaba, pikapu nyingine ya rika lilelile imefunguliwa bonneti. Mvuke unafuka ubavuni mwa rejeta. Utingo amesimama na jagi la maji mkononi, anangoja ruhusa ya dereva afungue kifuniko.

Kwa mkazi wa eneo lililo kati ya Busia na Tororo, hayo mawili ni mambo ya kila wiki. Wengi huyahesabu kuwa maradhi tofauti: moja la baridi, jingine la joto. Lakini kwa fundi anayepima kabla ya kufungua, mara nyingi chanzo ni kimoja, na matibabu ya haraka yanayotolewa kando ya barabara ndiyo yanayomaliza injini.

Kifaa kidogo, mvutano mkubwa

Kiini cha mvutano huu ni kifaa kinachoenea kiganjani. Thamostati ni vali yenye kikombe cha nta. Injini ikiwa baridi, vali hiyo huziba njia ya kwenda kwenye rejeta, maji yakazunguka ndani ya injini peke yake na kupata moto upesi. Nta ikipata joto huyeyuka, hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Aina iliyozoeleka kwenye Hilux za dizeli huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, na hufunguka kikamilifu karibu na nyuzi 95.

Katika magereji mengi ya jua kali, pande zote mbili za mpaka, gari likiletwa linachemsha, dawa ya kwanza ni kuing'oa thamostati na kuitupa.

Wanaofanya hivyo wana hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Wanasema kifaa hicho kilibuniwa kwa ajili ya nchi za theluji, nasi huku hatuna theluji. Wanasema thamostati ikikwama ikiwa imefungwa, injini hufa ndani ya dakika chache, tena mbali na gereji. Wanaongeza kwamba vipuri bandia vimejaa madukani, hivyo ni heri njia wazi kuliko mlango usioaminika.

Upande wa pili wako mafundi waliosomea kazi hiyo pamoja na maelekezo ya watengenezaji wa magari. Wao hushikilia kwamba injini ya dizeli huhitaji joto kama inavyohitaji mafuta. Ikifanya kazi ikiwa na ubaridi kila siku, dizeli haiungui yote. Inayobaki husafisha utando wa oili kwenye kuta za silinda, hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye oili iliyo chini, ikaifanya nyepesi. Ringi huchakaa. Ringi zikichakaa, mgandamizo wa hewa hupungua. Na injini ya dizeli isiyo na mgandamizo wa kutosha haiwaki asubuhi.

Hapo ndipo maradhi ya mchana na ya asubuhi yanapokutana. Thamostati inayotupwa leo kwa sababu ya joto huandaa mgomo wa asubuhi wa mwaka ujao.

> *Thamostati inayotupwa leo kwa sababu ya joto huandaa mgomo wa asubuhi wa mwaka ujao.*

Kuna jambo la pili ambalo watetezi wa kung'oa hawalitaji. Katika injini nyingi za pikapu, thamostati ina sahani ya pili upande wa chini. Vali ya juu inapofungua njia ya rejeta, sahani hiyo huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja ndani ya injini. Ukiiondoa thamostati yote, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kamwe. Gari linaloondolewa thamostati lipoe linaweza kuchemsha zaidi, hasa likiwa na mzigo mlimani.

Mwinuko unavyobadili hesabu

Busia na Tororo ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa msafiri wa kawaida huo si mlima. Kwa rejeta, jambo ni jingine, kwa sababu katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100.

Linganisha namba hiyo na nyuzi 95 ambazo thamostati hufunguka kikamilifu. Tofauti ni nyuzi moja tu. Kama si shinikizo ndani ya rejeta, gari lingekuwa ukingoni mwa kuchemsha kila siku.

Shinikizo hilo hutunzwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 huruhusu shinikizo lipande kiasi hicho kabla ya kuachia, na hapo maji hayachemki hadi yapite nyuzi 115. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, nyuzi zipatazo 20 za akiba hupotea. Dereva ataambiwa rejeta imeziba, pampu ya maji imekufa au gasketi imeungua, kumbe kilichokufa ni kifuniko, mojawapo ya vipuri vya bei nafuu kabisa.

Hali huwa ngumu zaidi gari linapopanda. Kutoka Malaba barabara hupitia Bungoma, Webuye na Turbo hadi Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi. Kutoka hapo hupanda hadi Timboroa, ambako mwinuko ni takriban mita 2,700 na maji huchemka karibu na nyuzi 91. Kutoka Tororo, anayepitia Mbale kwenda Kapchorwa huikwea miteremko ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kiko mita 4,321.

Huko juu dereva hupata adhabu mbili. Mchana, mlima na mzigo huchemsha maji mapema. Usiku, baridi huingia, na injini iliyokuwa ikiwaka kwa shida kidogo Busia hukataa kabisa kuwaka Eldoret.

Kwa nini asubuhi ni ngumu

Dizeli haina plagi za cheche kama petroli. Huwashwa na joto la hewa iliyogandamizwa. Injini ya 3L iliyomo katika Hilux nyingi za zamani huigandamiza hewa zaidi ya mara 22, nayo hupata moto wa kutosha kuiwasha dizeli inaponyunyizwa.

Lakini injini za kundi hilo, yaani 2L, 3L na 5L, hunyunyiza dizeli kwenye chumba kidogo kilichochongwa kwenye silinda hedi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, kuta za chumba hicho hunyonya joto la hewa kabla dizeli haijashika moto. Ndiyo maana zimewekewa hita plagi, vijiti vinavyowaka vyekundu na kupita nyuzi 800 ndani ya sekunde chache.

Wapo wanaodai kwamba katika hali ya hewa ya Busia hita plagi hazina kazi. Si kweli. Kwa injini za aina hii, asubuhi ya nyuzi 17 ni baridi tosha ya kuleta shida, hasa kama ringi zimeshalika.

Zipo pikapu nyingi ambazo saa ya kuhesabu sekunde za hita plagi ilikufa zamani, na fundi akamwekea dereva kitufe cha kubonyeza. Ni suluhisho la kijanja, ila lina gharama yake. Dereva mwenye haraka hubonyeza muda mfupi mno, injini isiwake. Mwenye wasiwasi hubonyeza hadi plagi zinaungua.

Kuzipima si kazi ngumu. Unatoa ukanda wa chuma unaoziunganisha, unafunga waya mmoja wa taa ya majaribio kwenye chanya ya betri, na ncha nyingine unaigusisha kwenye kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, plagi ina uhai. Isipowaka, imeungua. Katika injini ya silinda nne, plagi mbili zilizokufa zinatosha kukufanya utafute watu wa kusukuma.

Kabla ya hita plagi, hata hivyo, iko betri. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Wakati wa kupiga stata haifai kushuka chini ya volti 9.6. Waya wa hasi uliolegea au kushika kutu kwenye bodi huiba nguvu hiyo, na oili nzito kupita kiasi huifanya stata ishindwe kuizungusha injini kwa kasi inayotakiwa.

Halafu kuna hewa kwenye mfumo wa dizeli. Juu ya chujio la dizeli kuna pampu ndogo ya mkono. Asubuhi, kabla ya kuwasha, ibonyeze. Ikiwa laini, kisha ikawa ngumu baada ya kubonyezwa mara kadhaa, na gari likawaka mara moja, jua kwamba mahali fulani kati ya tangi na injekta pampu pana uvujaji unaoingiza hewa usiku. Hapo kununua hita plagi mpya ni kupoteza fedha.

Moshi huo ni wa nini?

Moshi mweupe wa asubuhi ndio ushahidi unaosomwa vibaya kuliko wote.

Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua. Chanzo ni hita plagi, mgandamizo mdogo, nozeli inayodondosha au injekta pampu iliyopoteza majira yake. Injini ikipata moto, moshi huo hupungua na kuisha.

Moshi mweupe usionuka dizeli, unaotoweka haraka hewani na pengine kuwa na harufu tamutamu, ni mvuke wa maji ya rejeta. Huo ni wa kuogopa. Maji yanapenya ndani ya silinda kupitia gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka.

Hapa ndipo ugumu wa kuwaka asubuhi unapofichua ugonjwa wa joto. Gari lililochemsha jana na kutiwa maji hupelekwa nyumbani likionekana limepona. Usiku, shinikizo lililobaki kwenye rejeta husukuma maji kidogo kidogo ndani ya silinda moja. Asubuhi injini huwaka ikitetemeka, silinda tatu zikifanya kazi, kisha ya nne hushika baada ya dakika moja au mbili. Dereva husema ni baridi. Siku maji yatakapokuwa mengi ndani ya silinda, pistoni itagonga maji yasiyogandamizika na kupinda mkono wake.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, washa na utazame. Mapovu yakipanda mfululizo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Au funga kifuniko, washa, na uushike mpira wa juu wa rejeta baada ya muda mfupi. Ukiwa umeshakuwa mgumu ilhali bado ni wa baridi, hilo si joto la maji. Ni shinikizo la silinda.

> *Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu ilhali bado ni wa baridi, hilo si joto la maji. Ni shinikizo la silinda.*

Foleni au mlima?

Swali la kwanza ambalo fundi makini humuuliza mwenye gari linalochemsha ni moja: linachemsha wapi?

Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo barabara za kuingia Busia na Malaba bado huziba, na pikapu hujikuta katikati ya malori, injini ikinguruma bila upepo.

Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa linapoanza kwenda, tazama feni. Huenda mkanda umelegea. Huenda klachi ya feni imekufa: zima injini ikiwa ya moto, na kama feni inaendelea kujizungusha yenyewe kwa ulaini, klachi haishiki. Huenda pia ganda la plastiki linaloizunguka feni lilitolewa na fundi aliyetaka nafasi ya kufanyia kazi, halikurudishwa. Bila ganda hilo, feni huzungusha hewa ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Gari likitulia kwenye foleni lakini likachemsha mlimani, tazama rejeta na pampu ya maji. Njia za ndani zimeziba kwa kutu, au mapezi ya nje yamejaa matope, nyasi na vumbi. Tororo ni mji wa saruji, na pikapu zinazobeba mifuko kutoka huko na kupita barabara za murram hurudi na rejeta iliyofunikwa utando. Utando huo huoshwa kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Shinikizo kubwa hulaza mapezi.

Kuna namna ya tatu: gari linawaka vizuri asubuhi, lakini likipata moto na kuzimwa, halitaki kuwaka tena. Mara nyingi kosa liko kwenye injekta pampu iliyochakaa ndani. Dizeli ikipata moto huwa nyepesi na kuvuja pembeni badala ya kufika kwenye injekta. Mafundi wa zamani hulowesha kitambaa kwa maji ya baridi na kukifunika juu ya pampu. Gari likiwaka baada ya hapo, jibu limepatikana.

Maji ya mtoni

Maji yanayotumika kujaza rejeta mpakani hutoka popote: mtoni, kisimani, kwenye mtaro. Maji ya kisima hubeba chumvichumvi, hasa palipo na mawe ya chokaa, nazo huganda kwenye kuta za ndani. Maji matupu pia huleta kutu.

Kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, huchukuliwa na wengi kuwa anasa ya nchi za baridi. Kazi yake huku si kuzuia barafu. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 7 hivi, huzuia kutu na hulainisha sili ya pampu ya maji. Onyo moja: kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo isiachwe wazi palipo na watoto au mifugo, wala isimwagwe karibu na kisima.

Mafuta na vipuri

Hakuna fundi anayeweza kuiponya injini inayolishwa mafuta yaliyochanganywa. Mafuta ya taa yakitiwa kwenye dizeli hupunguza ulainishaji, na injekta pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mwaka 2018 Kenya ilitoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuua faida ya uchanganyaji. Uganda nayo hutia alama maalumu kwenye mafuta na kuyapima vituoni, kazi inayolihusisha Shirika la Viwango la nchi hiyo, UNBS. Hatua hizo zimebana wachanganyaji, lakini hazimlindi anayenunua dizeli ya bei nafuu kwenye jerikeni kando ya barabara.

Upande wa vipuri, Busia iko kati ya masoko mawili makubwa: Kisekka mjini Kampala na Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Faida yake ni kwamba karibu kila kitu cha Hilux au Isuzu hupatikana. Hasara yake ni kwamba halali na bandia hukaa rafu moja. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, lakini ofisa hawezi kusimama katika kila duka.

Kwa thamostati, mnunuzi anaweza kujipimia mwenyewe. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na usiiache iguse chini. Ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka joto likifika hapo, na kufunga tena maji yanapopoa. Ila kumbuka mwinuko. Zipo thamostati za nyuzi 88 ambazo hufunguka kikamilifu kwenye nyuzi 100. Hapa Busia, maji ya sufuria iliyo wazi hayafiki huko, hivyo hata kifaa kisicho na kasoro hakifunguki kikamilifu. Si ajabu thamostati nyingi zilizotupwa kwa kosa hilo zilikuwa nzima.

Umri wa magari

Serikali hizi mbili zina misimamo tofauti kuhusu magari makuukuu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kupitia marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari ya umri wa miaka 15 au zaidi. Wanaotetea masharti makali hutaja moshi na afya ya umma. Wafanyabiashara wadogo hujibu kwamba pikapu mpya iko nje ya uwezo wa muuza matoke au mvuvi wa Sio Port.

Wote wana sehemu ya ukweli. Lakini sheria hizo hutazama siku gari linapoingia nchini, ilhali pikapu nyingi za mpakani ziliingia zamani na zitaendelea kubeba mizigo kwa miaka. Kwa hizo, kinachoamua moshi, gharama na usalama ni jinsi zinavyotunzwa.

Hata magari mapya hayasameheki. Pikapu za kizazi cha kompyuta zina kihisi cha joto la maji. Ukiondoa thamostati, kompyuta huona injini haipati moto, huwasha taa ya onyo na kuandika kosa namba P0128. Fundi anayeizima taa hiyo bila kurudisha kifaa anaficha ugonjwa, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Dawa zinazoua

Mambo matatu yanapaswa kukomeshwa mara moja.

La kwanza ni kupulizia etha au kuweka kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa. Kwa injini yenye hita plagi za moto, etha inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu. Ringi huvunjika, na wako walioungua mikono na uso.

La pili ni kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji ya zaidi ya nyuzi 100 yaliyobanwa hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Subiri hadi mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza.

La tatu ni kumimina maji baridi kwenye injini iliyokauka na kuiva. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi hupasuka. Silinda hedi iliyokuwa inahitaji gasketi tu sasa inahitaji kubadilishwa nzima.

PIMA KWA MPANGILIO HUU

*Gari likigoma asubuhi:* betri na waya wa hasi. Hita plagi moja moja. Pampu ya mkono kwenye chujio. Rangi na harufu ya moshi. Mwisho, mgandamizo wa silinda.

*Gari likichemsha:* kiwango cha maji injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta, mkanda, klachi na ganda la feni, uchafu wa nje wa rejeta, thamostati, mapovu kwenye maji, mwisho kabisa, kufungua silinda hedi.

Kazi iliyo mbele yetu

Ujuzi huu si siri, nao haudai mitambo ya mamilioni. Unadai mita ya umeme, taa ya majaribio, kipimajoto, na fundi anayelipwa kwa kupima kama anavyolipwa kwa kufungua.

Hapo wenye magari tuna lawama yetu. Tunamlipa fundi kwa kipuri alichobadilisha, lakini akitumia saa nzima kutafuta chanzo na kukuta ni kifuniko, tunaona hajafanya kazi. Tukiendelea hivyo, tutaendelea kuuziwa injini nzima kwa kosa la kifuniko.

Serikali ya Kaunti ya Busia na wilaya za Busia na Tororo upande wa Uganda zinaweza kusaidia kwa kuleta mafunzo mafupi hadi kwenye maeneo ya jua kali, badala ya kungoja mafundi waache kazi zao waende vyuoni. Kenya tayari ina Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, inayotahini mafundi kwa madaraja hata kama ujuzi wao waliupatia gereji. Mafundi wa mpakani wanapaswa kuhimizwa kuufanya mtihani huo, na wateja kuuliza cheti.

Kwako msomaji mwenye pikapu: ukifika gereji na kuambiwa thamostati itolewe gari lipoe, kataa. Omba ipimwe mbele yako. Ikiwa nzima, irudishwe. Ikiwa imekufa, nunua nyingine na uipime kabla haijafungwa. Usikubali kuondoka na injini isiyo na thamostati.